Nilimficha Mume Wangu Maneno ya Daktari

Jina langu lisitoke tafadhali, wanangu wanasoma ukurasa huu. Nina miaka sabini na tatu, mzaliwa wa Busia upande wa Kenya, niliolewa Jinja nikiwa msichana.

Miaka ile ya utawala wa jeshi tulikaa Kimaka, hapo hapo Jinja. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, gomesi zake, yale magauni ya heshima ya akina mama, zilivaliwa harusini hadi Mbale. Siku moja afande mmoja alikuta suruali yake haijaisha. Akafoka kwa Kiswahili chao cha kambini, "Wewe fundi, nadharau mimi?" Yeye na askari wake wakamfunga kandoya, viwiko vimekutanishwa mgongoni kwa kamba, asubuhi mpaka jioni. Walipomfungua, kiganja cha kulia kilining'inia tu. Hata mkasi hakuweza kushika.

Nilimpeleka kijijini kwao Wanale, karibu na Mbale, kisha hospitalini Mbale. Wakati anafungwa banzi chumba cha pili, daktari aliniita pembeni. "Mama, mshipa wa fahamu umebanwa, sidhani kama umekatika. Unaweza kupona wenyewe. Asivue banzi, na umnyooshe vidole kila siku. Miezi sita ikipita bila kiganja kuinuka, mrudishe. Tutahamisha kano nzima zifanye kazi ya zile zilizolala."

Tukirudi Jinja, kwenye kizuizi askari waliliona banzi. "Huyu nalipigwa risasi wapi?" Wakaling'oa wakitafuta jeraha, wakamlaza kifudifudi juani, bunduki kisogoni. Mimi nilijikojolea, siwafichi. Nikaapa mume wangu hapiti tena njia ile.

Vidole nilimnyoosha kila siku. Kiganja hakikuinuka. Miezi sita ilipofika akaniuliza, "Daktari alisema turudi lini?" Nikamjibu, "Alisema hakuna dawa tena." Alilia kama mtoto, kisha cherehani akampa ndugu yake.

Serikali ile ilianguka, njia ikafunguka, nami nikanyamaza. Niliona aibu. Mwaka ukazaa mwaka.

Sasa mjukuu wetu ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Jumapili alimshika babu yake mkono akauliza, "Jaja, hawakuwaambia kuna upasuaji?" Mzee akacheka. "Daktari alisema basi. Muulize jaja wako, yeye ndiye alisikia." Wote wakanigeukia. Nikasema ndiyo, alisema basi.

Tangu hapo chakula hakinipiti. Kila asubuhi namfunga vifungo vya shati, naye huniambia, "Asante mama, bila wewe ningekuwa wapi?" Ndugu zangu, nishaurini. Nimwambie ukweli katika uzee huu, au niendelee kuipokea asante yake?