Aliyetafuna Kahawa Kwanza

Sinema mimi sizijui. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu nilikaa miaka miwili kwa sababu ya mbuzi wa baba, ambao walikuwa na akili za kutoroka kila kipindi cha hesabu. Lakini mwaka huu nilitaka mtu mmoja ashinde tuzo ya filamu, nikataka mpaka ndizi zikanishinda kumeza.

Mtu mwenyewe ni mwigizaji, binti wa Dar es Salaam. Alikuja kwetu Nshamba walipokuwa wanatengeneza filamu ya mjane ambaye shemeji yake anataka kumnyang'anya kibanja. Kibanja ni shamba la migomba lililozunguka nyumba, na makaburi ya wazee wetu yamo humo humo, kwa hiyo ukimnyang'anya mtu kibanja umemnyang'anya na waliokufa. Wenye filamu wakaomba binti akae kwetu wiki mbili, ajifunze kwa mke wangu jinsi mama wa Kihaya anavyokaa na anavyofanya kazi.

Mimi nilicheka. Nikamwambia mke wangu, "Yaani mtu anatolewa Dar kuja kujifunza kumenya ndizi?"

Akanijibu bila kuinua macho, "Na wewe ulijifunza lini? Miaka hamsini hujamenya hata moja."

Huyo ndiye mke wangu. Alitoka Ngenge, kule chini kwenye joto, na maneno yake yalikuwa machache ila yalifika. Kufundisha kwa maneno hakujua. Alikuwa anafanya, binti anatazama, halafu binti anafanya, mke wangu anacheka, wanaanza upya. Wiki ya kwanza tulikula ndizi zilizomenywa hadi zikawa nyembamba kama vidole. Nililalamika. Sasa hivi namshukuru Mungu kwa zile ndizi.

Jambo walilorudia kuliko yote ni kahawa. Siyo ya kunywa, ni ya kutafuna, akamwani, ile inayochemshwa na majani yake ya harufu kisha ikaanikwa. Mgeni akija unamletea kwenye kikapu kidogo. Lakini humpi tu kama unavyompa kuku mahindi. Unachukua wewe kwanza, unatafuna mbele yake, ndipo unamsogezea. Zamani ilikuwa ya kumwonyesha kwamba hakuna sumu. Binti kila mara alisahau. Alikuwa anasogeza kikapu kwa heshima zote, amepiga magoti vizuri, na mke wangu anamwambia, "Umeshaniua."

"Nimekuuaje tena, Bibi?"

"Hujatafuna. Mimi mgeni nitajuaje?"

Kisha akamwonyesha namna yake mwenyewe. Mke wangu alikuwa na tabia ya kumtazama mgeni machoni wakati anatafuna, taratibu, wala hapepesi. Mgeni mwema aliona ukarimu. Mgeni mwenye jambo lake baya alianza kujikuna shingo. Hata mimi nimewahi kujikuna, sitasema kwa sababu gani.

Mke wangu alifariki kabla filamu haijatoka. Binti hakujua. Namba yake tulikuwa tumeiandika kwenye kalenda ya ukutani, mwaka ukaisha, kalenda ikatumika kufunikia madaftari ya shule ya watoto wa jirani. Miguu yangu nayo ikakataa kilima cha Nshamba, nikaja Kibeta kukaa na binti yangu, ambaye ananilea vizuri kuliko ninavyostahili, maana nilikuwa baba mkali.

Filamu niliiona hapo Kibeta, kwenye televisheni yake. Ikafika pale shemeji amekuja kudai kibanja, na mjane anamletea kahawa. Akachukua moja. Akatafuna. Akamtazama. Nikashika mkono wa kiti.

"Huyo ni mama yako," nikasema.

"Baba, huyo ni mwigizaji." Halafu binti yangu akainuka kwenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Kwa hiyo niliposikia yule binti yumo kwenye tuzo, nikauliza mshindi anafanyaje. Nikaambiwa anapanda jukwaani, anashukuru watu kwa majina yao, nchi nzima inasikia. Basi hapo ndipo nilipoanza kutaka. Mke wangu jina lake lilitangazwa mbele za watu mara mbili tu, kanisani siku ya ndoa, na siku ya kumzika. Nilifikiria kumwomba mchungaji tuombee jambo hili Jumapili, nikaona aibu. Nikaomba mwenyewe, kimya kimya, katikati ya maombi ya mvua.

Binti yangu alikuwa na mtu wake, mwigizaji maarufu sana aliyecheza mama mkwe kwenye filamu nyingine. Akaniambia, "Huyo wako hana nafasi, Baba. Filamu nzima hajalia hata mara moja. Watu wanapenda anayelia."

"Mwenye kibanja halii mbele ya mwizi," nikamjibu.

Sherehe ilikuwa Jumamosi jioni. Walionyesha kipande kidogo cha kila mwigizaji, na cha binti wetu kikawa kile kile cha kahawa. Mtangazaji kijana, suti inang'aa, akasema, "Tazama anavyotafuna karanga kwa hisia!"

"Karanga gani!" nikapiga kelele. "Kahawa hiyo!"

"Baba, hakusikii."

"Asikie!"

Bahasha ikafunguliwa, akatajwa yule mama mkwe. Binti yangu alianza kigelegele, akaniona, akakizuia kwa kiganja. "Pole, Baba."

Nikamwambia kwani nimeshindwa mimi? Lakini nilikuwa nimeshindwa mimi.

Kesho yake tumetoka kanisani, simu ya binti yangu ikaita. Alikuwa ni yule binti wa Dar. Kumbe namba hiyo mke wangu alimpa kule Nshamba, naye akaitunza miaka yote.

"Shikamoo, Babu. Naomba kuongea na Bibi."

Nikamwambia. Sikujua kuzunguka, nikamwambia tu kwamba Bibi hayupo, tulishamzika. Kisha akasema, "Babu, nilikuwa na karatasi. Ya kusoma kama ningeshinda. Ipo hapa kwenye mkoba. Naomba niisome."

Nikasema subiri. Nikamwita binti yangu kutoka jikoni. Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyekuwa amekuja kuazima kinu, naye nikamwambia aketi. Binti yangu akabonyeza simu ili sauti itoke nje, akaiweka mezani. Binti wa Dar akasoma. Alitaja jina la mke wangu lote, na la baba yake, na la Ngenge. Akasema hajawahi kuwa na mwalimu aliyemcheka vizuri hivyo. Akasema pale kwenye kahawa hakuigiza, alikuwa anamkumbuka.

Alipomaliza nikasema, "Kasinge waitu."

"Ndiyo nini, Babu?"

"Ni asante. Ila ndani yake kuna kusinga, na kusinga kwetu ni kushinda. Ukimshukuru mtu umemwombea ushindi."

Akacheka huku analia. "Basi umechelewa. Ungeniombea jana!"

Binti yangu alikuwa anafuta macho kwa kitenge. Jirani akasogeza kiti karibu na meza, kinu bado kipo mapajani.

"Mwanangu," akaiambia simu, "mwanzo sikusikia vizuri, nilikuwa navuta kiti. Hebu lisome tena lile jina."

Akasoma tena, tangu juu, na safari hii polepole.