Mlinzi wa Kharatsa Aliyekosa wa Kumwezekea

Jua limeshafika kileleni, lakini bondeni baridi bado inauma. 'Malikeleli Phafoli anapanda mteremko, blanketi begani na buti za mpira miguuni, akiwafokea kondoo ambao hata hawajavuka mawe ya mpaka.

"Rudini! Si mnanijua mimi?" Kisha anacheka peke yake. "Leo hao ndio wa kwanza kunisikia."

Mjane huyu analinda malisho yaliyofungwa na chifu ili kharatsa ipone. Mmea huo, wenye majani yanayojizungusha kama gamba la konokono, hauoti porini popote nje ya milima ya Lesotho. Miche hukanyagwa na mifugo, na mikubwa watu huing'oa wakaipande uani, ikafie huko. Posho ya 'Malikeleli haifiki maloti elfu moja kwa mwezi.

Mwaka jana aliwakuta humo kondoo wa shemeji yake, Molahlehi. Angeweza kufumba macho. Badala yake aliwaswaga hadi zizi la chifu, na Molahlehi akatozwa faini mbele za watu.

"Walisema nimemuuza ndugu wa marehemu kwa ajili ya majani," anasema. "Tangu hapo, salamu yangu wanaijibu wakiwa wameshanipita."

Lililomkata maini lilitokea mwezi uliopita. Paa la nyumba yake limeoza na theluji i karibu. Alikata nyasi, akaita letsema, ile kazi ya pamoja ambayo mwenyeji hulipa kwa chakula na pombe. Akapika, akachinja kuku, akakaa mlangoni kungoja. Hakuja hata mtu mmoja. Pombe aliimwaga mwenyewe, huku analia.

Mchana Molahlehi, ambaye ndiye fundi wa kuezeka kijijini, anapita juu ya farasi wake. Hashuki.

"Shemeji, mbona ndege huwakamati? Wanakula humo bure!"

"Waje na mchungaji msinziaji kama wewe, uone kama sitawakamata!"

Molahlehi anataka kucheka, anajibana.

"Jumamosi naezeka," 'Malikeleli anaongeza harakaharaka.

"Na nani?"

'Malikeleli anavuta blanketi begani. Farasi anaondoka, naye anabaki akimtazama mpaka anapotelea nyuma ya kilima.

"Hata akinikejeli nafurahi," anasema. "Kuna wiki inapita sijaitwa na mtu."

Mwandishi anamuuliza: na kondoo wa Molahlehi wakiingia tena humo Ijumaa, siku moja kabla ya kazi?

Anakung'uta matope kwenye buti. "Nitawakamata. Nitawakamata, halafu nitarudi kukoroga pombe."

Jioni anaanza kuloweka unga wa mtama kwenye pipa linalotosha kijiji kizima. Mwandishi anamuuliza kwa nini safari hii asipike kidogo tu, asije akamwaga tena.

"Nikipika kidogo," anasema bila kuinua kichwa, "nitakuwa nimeshawaambia wasije."