Nyoka wa Kwenye Paa

Jina la Mama Nyoka hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi cherehani wenzake, baada ya paa la karakana yao ya zamani kuanguka.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa vifungo na mapindo, mpole, mwepesi wa kucheka. Akaanza kuona unga wa mbao, laini kama poda, ukidondokea vitambaa. Akasema boriti zinaliwa na wadudu. Bosi akaita seremala, seremala akagonga mara mbili tatu, akasema ni nzima. Wenzake wakamtania kwamba anatafuta likizo. Basi asubuhi moja unga ulipozidi na boriti ikaanza kulia, akapiga ukelele: nyoka! Watu wakatoka mbio, wengine peku. Paa likashukia vyerehani vitupu.

Ungedhani walimpa mkono wa asante. Thubutu. Walichouliza ni nyoka yuko wapi. Alipokiri kwamba hakukuwa na nyoka, akazidi kujiharibia, maana seremala mzima alishasema boriti ni nzima, yeye alijuaje? Wakanong'ona kwamba nyoka alikuwepo, ila alikuwa wake, wa kichawi, na kwamba ukelele wake ndio ulioangusha paa. Tangu hapo hakuna aliyegusa kikombe alichokinywea. Ndiyo shukrani ya binadamu hiyo.

Karakana mpya ilipopatikana, aliwekwa peke yake karibu na mlango. Bosi akamwonya kwamba akilitaja paa tena, kazi hana. Aliyebaki kumsemesha ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alishonea katikati ya chumba.

Mchana mmoja Mama Nyoka akainua macho, akaona mabega ya wifi yake yana unga.

Akaiweka sindano chini. Akisema, kazi imekwenda na jina limezidi kuoza. Akinyamaza, wifi yuko chini ya boriti. Mwishowe alichukua mkasi wake, akainuka, akaelekea mlangoni bila neno.

Cherehani cha jirani kikanyamaza. Kisha kingine.

"Wifi, unakwenda wapi?"

"Kupunga upepo."

Hakuna aliyengoja kusikia zaidi. Viti viliangushwa, watu wakasukumana, na punde wote walikuwa uani wakimtazama yeye, si paa.

Bosi akatoka ofisini amefura. Akawaita waoga, akaingia ndani, akakalia kiti cha wifi chini ya boriti ileile na kukunja nne. Alisema hatoki mpaka warudi kazini, na paa lisipoanguka leo, Mama Nyoka afungashe virago.

Mama Nyoka aliitazama boriti kupitia mlangoni. Akajikuta anaomba ianguke. Alipotambua anachokiomba, na ni nani amekaa chini yake, akayaondoa macho kwenye boriti. Kwa mara ya kwanza aliogopa kwamba huenda wanayoyasema ni kweli.

Akafungua kinywa amwite bosi atoke. Wifi yake akamwahi, akamziba mdomo kwa kiganja, akambana ukutani huku analia.

"Usiseme kitu, wifi, nakuomba," alimnong'oneza. "Ukisema tu, itaanguka."