Kinda la Njiwa na Mwizi wa Viazi

Jumapili baada ya ibada, hapa kwetu Haltom City, Marekani, mjukuu wangu hukaa chini katikati ya magoti yangu nimsuke. Huniita Koko, kama watoto wa kwetu Kongo wanavyowaita bibi zao. Siku hiyo alikuwa na kompyuta mapajani, anasoma shairi la zamani la Kiingereza alilopewa shuleni aliandikie insha, akinigeuzia kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini masikio ninayo.

Lilikuwa na habari za mtoto wa kiwanda cha nyuzi, katika mji wa moshi. Kutwa anatambaa chini ya mashine kuokota pamba. Mshairi akamwita kinda la njiwa lililoanguka kwenye masizi. Mwishoni mtoto anafumba macho akitabasamu, anaona mto unaotiririka na majani.

"Nimeandika kwamba mateso yalimfanya safi kama malaika," mjukuu akasema. "Nina-submit kwa mwalimu kesho."

"Anaitwa nani huyo mtoto?"

"Hana jina, Koko. Ni shairi."

Mikono yangu ikasimama. Mimi majina sisahau. Watoto wote waliobeba mchanga kwenye machimbo ya dhahabu kwetu nawajua, na baba zao pia. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Kifua kilimbana msimu mmoja wa mvua, akatutoka. Mama naye akafa, dada zangu wakafa. Leo jina lake limebaki kinywani mwangu tu, nami nimezeeka.

"Mdogo wangu hakuwa njiwa," nikamwambia. "Alikuwa mwizi. Aliiba viazi vyangu, na nikimkimbiza ananitukana. Wala hakutabasamu. Alikohoa."

"Hukuwahi kuniambia, Koko."

"Hukuwahi kutulia. Inamisha kichwa."

Akainamisha. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mshairi hakumhurumia?"

"Alimhurumia. Ila njiwa wote wanafanana."

Akafuta, akaandika upya. Jina la mdogo wangu nililitamka mara tatu mpaka akaliweka sawa.

Baada ya siku chache insha ilirudi kwenye karatasi, na swali la mwalimu kando ya jina lile: huyu ni nani? Mjukuu akaniletea jikoni.

"Nimjibu nini?"

"Mwambie ni babu yako."

Akaandika. Kisha kalamu ikasita. "Na vile viazi, vilikuwa vya kuchemsha?"

"Vya kuchoma," nikasema. "Hakungoja viive."