Masale Kwenye Chombo cha Maua

Tangu mama afariki nilikuwa sikaliki. Naanza kupika, naacha, naenda kuangalia ng'ombe. Nikifika kwa ng'ombe nakumbuka sufuria iko motoni. Kilichotuliza mikono yangu ni kupanga maua ya kanisani kila Jumamosi. Ukishika waridi lenye miiba, huna budi kutulia.

Si kifo peke yake kilichoninyima raha. Siku ya mazishi, mbele ya waombolezaji, dada yangu mkubwa alisema nilimwacha mama afe peke yake. Kweli nilikuwa mjini Bomang'ombe, lakini nilikuwa nimemfuatia dawa. Tangu hapo sikumpa shikamoo. Nikawa nangoja aje aniombe radhi.

Siku moja kabla ya kipaimara cha binti wa dada, maua yalikuwa haba, maana jua lilikuwa limechoma Masama nzima. Nilipata yale meupe ya kando ya mfereji na mawaridi kidogo. Chombo kikabaki na mapengo, nami mapengo siyavumilii. Nikashuka hadi mpakani mwa kihamba chetu, shamba la migomba tuliloachiwa na wazee, nikakata masale marefu, nikayachomeka nyuma ya maua. Yalipendeza hata nikasahau kazi yake kwetu Wachagga: aliyekosea humpelekea aliyemkosea isale lililopigwa fundo, kuomba radhi, na isale halikataliwi.

Dada aliingia kanisani na ufagio, amekuja kusaidia usafi. Akasimama mbele ya madhabahu, akayatazama yale majani, akaanza kulia.

"Nilijua utakuja, mdogo wangu," akasema. "Nimepokea."

Damu ilinichemka. Yaani mimi ndiye nimwombe yeye? Nilitaka kumwambia hayo ni majani tu ya kuzibia nafasi. Nikaligeuza waridi nililoshika, huku na huku, mpaka shina likavunjika.

Papo hapo alichomoa jani moja chomboni, akalipiga fundo, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Na hili ni langu. Siku ile nilikuwa na uchungu, nikakutupia lawama wewe."

Mikononi nilikuwa bado na waridi lililovunjika. Nikaliweka sakafuni, nikapokea jani lake.

"Shikamoo, dada."

Akaitikia, akaokota ufagio wake. Chomboni, pale alipochomoa jani, palibaki pengo kubwa. Sikuliziba.