Matofali ya Mama na Mvua ya Ng'ambo

Nilipokuwa mtoto, kule Mwala, niliona jambo ambalo hadi leo sijapata maelezo yake. Mvua ilinyesha ng'ambo ya mto, ikaja hadi kwenye mchanga, ikakomea hapo. Sisi tulisimama shambani tukainusa. Mahindi ya wenzetu yalifika magotini. Yetu yalijikunja kama yanayosikia baridi. Nimesoma mengi tangu hapo kuhusu mawingu, vilima na pepo. Vitabu vinanieleza kwa nini mvua hukosekana. Kwa nini ilichora mpaka pale pale, havisemi.

Kijijini maelezo yalipatikana haraka: kuna mtu ameifunga. Na mtu huyo, walisema, ni mama yangu.

Kabla ya ukame huo, mvua ya elinino ilikuwa imebomoa nyumba yetu ya udongo na kusomba matuta ya shamba. Tukahamia jikoni kwa Susu, nyanya yangu mzaa baba. Mama akaapa hatalala tena ndani ya ukuta unaoyeyuka. Alifyatua matofali bwawa likiwa bado na maji, akayapanga nyuma ya jikoni, akayafunika kwa nyasi ili jua lisiyapasue kabla ya kuchomwa.

Kwetu ilijulikana kwamba mwenye matofali mabichi haombi mvua. Ilisemwa pia kuwa wengine huficha chungu kilichopinduliwa chini ya matofali, na mvua hukaa humo mpaka tanuri liwashwe. Mimi niliamini. Nilikuwa nikiuzunguka ule mrundo nikikitafuta chungu.

Asubuhi moja wanawake wa mwethya, kikundi cha kulimiana kwa zamu, waliingia kwetu na majembe. Mama alikuwa mmoja wao. Siku chache nyuma alikuwa amechimba mtaro katika shamba la Syombua. Syombua ndiye aliyetangulia.

"Mama Mwende, hatujakuja na ubaya. Tunataka tu kuona chini."

"Chini ya nini? Ya sketi yangu?"

Wawili walicheka, wakajizuia.

"Mvua iko pale ng'ambo inatuangalia," Syombua alisema. "Ng'ombe wangu hasimami tena mwenyewe, tunamwinua kwa mti. Na wewe uko na matofali umeyafunika kama mtoto mchanga. Tuyavunje, mambo yaishe."

"Syombua, kama ninaweza kufunga mvua, mbona sikuifunga ile iliyoniangushia nyumba?"

Susu, aliyekuwa mlangoni akichambua mbaazi, akasema bila kuinua macho, "Hilo mjibuni."

Susu aliiamini habari ya chungu kuliko wote pale. Hakuamini tu kwamba mkamwana wake anacho.

Hawakuondoka. Sijawahi kuwachukia kwa hilo. Mtu anayemwinua ng'ombe wake kwa mti kila asubuhi hutafuta wa kumuuliza, na wingu halina boma la kuendea. Mama alikuwa karibu.

Walibishana mpaka jua likawa kali. Mwishowe wakaamua: matofali yasivunjwe, ila nyasi ziondolewe, yabaki wazi msimu wote. Mvua ikija, iyakute. Hata kwa umri wangu niliona kwamba uamuzi huo ulikuwa na njia mbili za kuyaharibu: mvua au jua. Jua ndilo lililoyapata. Mengi yalipasuka, na yaliyosalia yalitosha chumba kimoja, ambacho Mama alikijenga.

Kwa miaka mingi nilidhani alishindwa siku ile. Sasa naona kwamba walichotaka hasa ni Mama ainamishe kichwa, na hicho hawakukipata.

Siku ile, uamuzi ulipotolewa, Syombua alitaka wao ndio wafunue, Mama asije akaficha kitu.

"Mkono wa mtu usiguse," Mama alisema.

Akafunua peke yake, akiyainua matofali safu kwa safu, akisubiri kila mmoja atazame udongo mtupu chini yake. Alipomaliza alizikusanya nyasi zote, akazifunga mzigo, akamtwika Syombua kichwani.

"Mpelekee ng'ombe wako. Na kesho zamu ni ya shamba langu. Mje na hayo majembe."