Dada Amenunua Nyumba ya Nyasi

Siku dada yangu alipotupigia simu ya video kutuonyesha nyumba aliyonunua Uingereza, mimi na Mama tulikuwa uani hapa Bagara tunachambua maharage. Nilishika simu, Mama akasogeza kigoda, tukakodoa macho. Kwanza yalipita majani mabichi, likaja bwawa lenye bata, kisha geti la mbao lililopinda. Mwisho ikatokea nyumba yenyewe: kuta nene za mawe, madirisha madogo kama ya ghala, na juu, haki ya Mungu sidanganyi, nyasi. Paa zima la nyasi.

Mama alimjulia hali shemeji, akasema ana chungu jikoni, akanipa ishara nikate. Jikoni hapakuwa na chungu chochote.

Ili unielewe inabidi ujue habari za Bonga. Dada ana kiwanja kule, upande wa barabara ya Dodoma, alikinunua kabla hajaolewa na kuondoka. Akaweka msingi, akaahidi kwamba likizo itakayofuata atapandisha kuta. Likizo zimepita, msingi uko vilevile, umeota magugu na mbuzi wa jirani wanalala humo. Mama huenda kuufyeka mwenyewe kila mvua zikiisha, na nikitaka kumsaidia ananifokea. Tangu Baba afariki ana ombi moja tu, binti yake mkubwa arudi akae Bonga, awe karibu naye. Mabati ameshamnunulia. Yamesimama nyuma ya kochi letu sebuleni, ukiegemea vibaya yanapiga kelele mpaka mgeni anashtuka.

Sasa mtu mwenye msingi Bonga anakwenda kununua nyumba nyingine ya nini? Tena si ya kujenga, ya kununua, tena iliyotumiwa na watu wengine, tena ya nyasi! Hapa kwetu mtu anajenga, hata kama ni chumba kimoja kwa miaka mitano. Mama alizaliwa kwenye nyumba ya nyasi kule Mutuka. Mvua ikinyesha walikuwa wanahamisha vitanda na kutega masufuria. Ameuza maharage sokoni ujana wake wote ili sisi tulale chini ya bati. Akaniambia polepole, kama anayetaja ugonjwa, kwamba dada yangu amefilisika.

Nilimbishia, ingawa sikuwa na uhakika. Nikamwandikia dada ujumbe kumuuliza hiyo nyumba ni ya lini. Akajibu kwa furaha kwamba ina miaka mia nne, kwamba mabwana wakubwa wenye mashamba waliishi humo, na kwamba sheria inailinda, huruhusiwi kutoa hata unyasi mmoja bila kibali. Nikamsomea Mama nikidhani nasaidia. Loo, nilizidi kuharibu. Akauliza ni serikali gani hiyo inayomkataza mtoto wake kuweka bati. Nilimkasirikia dada kweli kweli, maana yeye yuko huko na bata wake na mimi ndiye ninayeulizwa maswali.

Wiki hiyo hiyo Mama akaomba sala kwenye jumuiya. Jumamosi wakaja akina mama sita na unga, sukari na kanga mpya, wakatupa pole. Mmoja alitaka kujua kama mkwe hana mkono mwepesi wa kupiga. Nilimimina chai nikiona aibu mpaka masikioni, kwa sababu kwenye simu yangu kulikuwa na picha ya jiko la dada, na jiko hilo ni kubwa kuliko nyumba yetu. Nilitaka kusema. Lakini nikimwangalia Mama naona anang'aa.

Hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote. Mtu anayemlilia mtoto wake aliyefilisika hapaswi kuimba akifua. Mama aliimba. Alimwita fundi akaenda naye Bonga kuuangalia msingi, akarudi anasema bado ni imara. Alipiga deki chumba cha wageni, akalianika godoro lake juani. Nikadhani huzuni imemgeuza akili, nikaanza hata kumhesabia dawa zake za presha.

Jumapili baada ya misa akaniambia nipige simu. Dada akamwamkia, Mama akaitikia, akakaa vizuri kochini. Akamwambia asione haya, mambo humwendea vibaya kila mtu. Mabati yapo, fundi yupo, aje na mume wake, tutakula kitakachopatikana. Dada alicheka, akidhani anataniwa. Halafu akaona uso wa Mama, akaacha kucheka.

Alieleza kwa muda mrefu. Kumbe paa la nyasi kule ni ghali kuliko bati na vigae. Mafundi wake ni wa kutafuta kwa tochi. Wenye uwezo ndio wanaozigombea nyumba hizo, na yeye ameitamani miaka mingi. Hata chumba cha Mama kipo, cha chini, dirisha linaangalia bwawa. Mimi nilikuwa natabasamu kwa ahueni, mjinga mimi, nikingoja Mama naye atabasamu.

"Kwa hiyo hujafilisika?" Mama akauliza.

"Sijafilisika, Mama. Tumeinunua kwa kuwa tumeipenda."

"Na mtazeekea hapo?"

"Ndiyo, Mama. Hapa ndipo kwetu sasa."

Mama akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama anayerudisha chombo cha jirani. Hapo ndipo nilipoelewa kuimba kule. Maskini angerudi nyumbani. Huyu mwenye nyasi za bei mbaya, na sheria ya kuzilinda, hana sababu ya kurudi. Nikageuka kumwangalia, nikakuta amejifunika kanga usoni na mabega yanatikisika.

"Mama amefurahi?" dada akaniuliza.

Nikamjibu kwamba amefurahi sana, hata kusema ameshindwa.